Galaktar ni mmea gani? Jibu kwa mfasiri

"Shikamoo mwalimu. Ninafasiri kwa Kiswahili hadithi ya Wahiti ya mungu Telipinu, yule aliyekasirika akatoweka, kwa ajili ya kitabu cha vijana. Sisomi Kihiti, ninategemea tafsiri tatu za lugha za Ulaya. Nimefika mahali ambapo mungu wa kike Kamrusepa anaweka vitu mbalimbali ili hasira imtoke Telipinu, na kimojawapo kinaitwa galaktar. Tafsiri ya kwanza inasema ni mmea wa afyuni. Ya pili inasema 'kitu cha kutuliza'. Ya tatu imeliacha neno kama lilivyo. Nilipotafuta mtandaoni nikakuta mtu anaeleza kuwa ni maziwa, kwa sababu katika Kigiriki cha kale maziwa ni gala, galaktos. Hilo limeniingia sana akilini, maana maneno yanafanana mno. Nani mkweli? Nichague lipi? Halafu mjomba wangu ni mganga wa tiba asili. Aliposikia habari hii akataka kujua kama mmea huo unapatikana, awajaribie watu wasiopata usingizi."

Marahaba. Nimefurahi kwamba umesimama kwenye neno hilo, maana wengi hulipita mbio. Nikikuelewa vizuri una hofu mbili: kwamba kati ya wafasiri wako watatu kuna anayedanganya, na kwamba ukikosea utawapa vijana mmea ambao haumo katika hadithi. Hofu ya kwanza iache. Ya pili ni ya haki.

Jibu fupi ni kwamba kazi ya galaktar katika hadithi inajulikana vizuri: inatuliza. Ni mmea upi, au hata kama ni mmea mzima, utomvu au mbegu, hilo halijathibitishwa na mtu yeyote. Wafasiri wako watatu wote wanajua hayo. Mmoja ameamua kubahatisha, mmoja ametafsiri kazi ya kitu badala ya kitu chenyewe, na mmoja amenyamaza. Yule wa mtandaoni ndiye pekee aliyepotea njia.

Tuanze naye, kwa sababu njia aliyopotelea ina mteremko mzuri na mimi mwenyewe niliwahi kuteleza humo nilipoanza kusoma Kihiti. Lugha hii ilizungumzwa Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki. Makao makuu ya Wahiti yalikuwa Hattusa, mashariki ya Ankara, na tangu uchimbaji ulipoanza hapo mwaka 1906 vimetoka ardhini vibao vya udongo na vipande vyake vipatavyo 30,000. (Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Uria Mhiti, lakini yeye ni wa zama za baadaye, dola hii ilipokuwa imekwisha kuanguka.) Kihiti kilipokufa hakikuacha mtoto. Hakuna bibi wa kumwendea kijijini na kumwuliza, "Bibi, galaktar ndiyo ipi?"

Aliyekifumbua ni Mcheki, Bedřich Hrozný, mwaka 1915. Kuna sentensi moja maarufu aliyoanzia. Aliona alama ya mkate ya Kisumeri, lugha ya kale ya Mesopotamia, ambayo waandishi wa Kihiti waliiazima pamoja na mwandiko wa kikabari, yaani alama zinazobonyezwa kwenye udongo; kisha neno ezzatteni; kisha watar; kisha ekutteni. Mkate upo, basi huenda mtu anaula. Ezza- inafanana na neno la kula katika Kijerumani na Kilatini. Watar inafanana na water ya Kiingereza. Sentensi ikafunguka: mtakula mkate, na maji mtakunywa.

Watu wakisoma kisa hicho hudhani funguo ilikuwa kufanana kwa maneno. Sivyo. Funguo ilikuwa mkate. Alama ya mkate ndiyo iliyoishika sentensi nzima isiyumbe, na kufanana kwa watar na water kukaja kuthibitisha jambo ambalo muktadha ulikuwa umekwisha kulinong'ona. Kufanana peke yake hakuna thamani. Katika Kiajemi "mbaya" ni bad, na katika Kiingereza ni bad vilevile, na maneno hayo mawili hayana undugu wowote.

Sasa ichukue galaktar uipasue. Kihiti kina kitenzi galank-, maana yake kutuliza, kuridhisha. Kina pia kiambishi -tar, au -atar, kinachogeuza kitenzi au sifa kuwa jina: ak- ni kufa, aggatar ni kifo. Weka galank- na -tar pamoja unapata galaktar. Utauliza ile n imekwenda wapi. Imemezwa, na hilo si jambo la neno hili tu. Kihiti husema harninkanzi, "wanaangamiza", lakini harnikzi, "anaangamiza": n inayotangulia k huelekea kupotea konsonanti nyingine inapofuata. Mgeni asiyejua kanuni hiyo hataona kwamba maneno hayo ni ndugu, kama vile mgeni wa Kiswahili asivyoona kwamba ndimi ni wingi wa ulimi. Katika galaktos ya Kigiriki, kt ni sehemu ya shina. Katika galaktar, k ni ya kitenzi na t ni ya kiambishi. Zimekutana mpakani tu, kama abiria wawili walioketi kiti kimoja kwenye basi.

Kinachonishawishi zaidi kuliko sarufi ni hadithi yenyewe. Mahali ulipofika, Kamrusepa anasema, kwa maana yake: hii hapa galaktar imewekwa, nawe uwe galankanza, yaani uliyetulizwa. Jina na kitenzi viko pua kwa pua katika maneno ya mganga mmoja. Mwandishi wa kale mwenyewe amekuonyesha mzizi. Ukiweka maziwa hapo, mchezo wote wa maneno unakufa.

Basi tuje kwenye afyuni. Dhana hii si ya kipuuzi, na imependekezwa na wanazuoni wa kweli. Wamefikiri hivi: ni kitu cha kutuliza, kinatajwa pamoja na mazao ya shamba na mti, na Anatolia ni nchi ya afyuni. Uturuki kuna mji unaoitwa Afyonkarahisar, wenye afyuni ndani ya jina lake. Ila jina hilo ni la zama za Waturuki, zaidi ya miaka 2,000 baada ya kibao cha mwisho cha Hattusa, kwa hiyo halitusaidii kitu.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye namna uganga huu unavyofanya kazi. Irudie hadithi tangu mwanzo. Telipinu amekasirika hata anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia. Anaondoka. Ukungu unajaa madirishani, moshi unajaa nyumbani, kuni zinazimika jikoni, kondoo anamkataa mwanawe na ng'ombe ndama wake, shayiri na ngano hazistawi. Tai anatumwa kumtafuta, anarudi mikono mitupu. Nyuki anampata amelala, anamdunga mikono na miguu, na yeye anaamka amefura maradufu. Hapo ndipo anapoingia Kamrusepa na vitu vyake. Anasema nini juu ya vitu hivyo? Kama tini ilivyo tamu, nawe Telipinu uwe mtamu. Kama zeituni linavyoshika mafuta moyoni mwake na zabibu inavyoshika divai moyoni mwake, nawe ushike wema moyoni mwako.

Unaona? Telipinu halishwi tini ili sukari impande. Tini imeletwa kwa sababu ya sifa yake, na sifa hiyo inahamishwa kwa kutamkwa. Basi na galaktar inaweza kuwa imeletwa kwa sababu hiyohiyo: jina lake ni kutuliza, basi na imtulize. Haina lazima ya kuwa na dawa ya usingizi ndani yake, kama zabibu isivyo na lazima ya kumlewesha mungu. Anayetoka kwenye "inatuliza" hadi "ina afyuni" ameruka mto bila daraja.

Sisi wenyewe tuna jina la kutufundisha hili. Tuseme miaka 3,000 imepita, Kiswahili kimekufa, na msomi mmoja ameokota karatasi yenye neno "mwarobaini". Akiwa hodari atagundua kwamba ndani yake mna arobaini. Akiwa hodari sana atakisia kwamba watu waliamini mti huu unatibu maradhi arobaini. Lakini katika herufi hizo zote hakuna hata moja itakayomwambia majani yake yamekaa vipi, ni machungu kiasi gani, wala kwamba ulitoka Bara Hindi. Etimolojia inakupa fikra ya aliyeupa mti jina. Mti wenyewe unabaki msituni.

Je, inawezekana kabisa kuutambua mmea wa Kihiti? Inawezekana, na nikuonyeshe mmoja ili uone ushahidi mzuri unafananaje. Kuna neno hatalkeshna. Mbele yake huandikwa alama ya Kisumeri inayosomwa GIŠ, mti, ambayo haitamkwi. Kazi yake ni kumwambia msomaji neno lijalo ni la jamii gani. (Majani na mitishamba hupewa Ú mbele, na mboga za bustanini hupewa SAR nyuma. Ukipata chapa yenye maandishi ya asili, tafuta alama hizo kwanza kabla ya kusoma maoni ya mtu.) Alama peke yake ingetuacha na "mti fulani". Lakini katika maandiko ya uganga mti huo unasemeshwa uso kwa uso. Unaambiwa: majira ya kuchipua unavaa nyeupe, wakati wa mavuno unavaa nyekundu kama damu. Ng'ombe akipita chini yako unamnyofoa singa, kondoo akipita chini yako unamnyofoa sufu.

Soma tena taratibu kama mchungaji. Maua meupe. Matunda mekundu. Miiba inayonasa manyoya, na kimo cha kichaka kikubwa ambacho mnyama hupenya chini ya matawi yake. Nenda sasa hivi kwenye nyanda za Anatolia utakutana nacho: ni kichaka cha jamii ya mawaridi ambacho Waturuki hukiita alıç, na matunda yake huuzwa yametungwa uzini kama shanga. Hapo karibu wataalamu wote wanakubaliana. Hakuna aliyehitaji kufananisha sauti na Kigiriki. Mwandishi alikitazama kichaka na kusema alichokiona.

Galaktar haijapata bahati hiyo. Hakuna mahali inaposemeshwa kwa rangi, kwa mwiba wala kwa ua. Mara nyingi inatajwa tu sambamba na kitu kingine, parhuena, ambacho nacho kina utata wake, na vipofu wawili wakishikana mikono hawaonyeshani njia.

Kuna aina nyingine ya ushahidi, nayo ni mbegu zenyewe. Kihiti kina neno kappani, linaloandikwa kwa alama ya mboga za bustanini, na hutafsiriwa binzari nyembamba. Hapa kufanana kwa majina kunasaidia kidogo, kwa sababu Waakadi, watu wa Mesopotamia ya kale, waliiita kamunu na Waarabu huiita kammun, na viungo husafiri na majina yao. Zafarani ilitufikia sisi vivyo hivyo, jina na kiungo katika mfuko mmoja. Maandiko hutaja kappani nyeupe na nyeusi, na wengi huichukua ile nyeusi kuwa habasoda, ileile unayoijua kwenye duka la dawa za Kiarabu. Wakati wa uchimbaji huko Boyalı Höyük, kaskazini ya kati ya Uturuki, ilipatikana chupa ya udongo ya zama za Wahiti, na ndani yake zilikuwamo mbegu za habasoda. Chupa haina lebo iliyoandikwa kappani, kwa hiyo bado kuna nyufa. Lakini neno lipo, rangi ipo, mbegu ipo, nchi ni moja na zama ni moja. Ushahidi wa namna hiyo ukija kuelemea upande wa afyuni, nitakuwa wa kwanza kubadilisha msimamo.

Na usidhani kwamba jina la mmea likishajulikana kazi imekwisha. Mfalme Anitta, aliyeishi karne ya 18 kabla ya Kristo, alijisifu kwamba aliiteka Hattusa usiku na mahali pake akapanda mmea ulioandikwa kwa alama za Kisumeri, ZÀ.AḪ.LI. Kwa Kiakadi huo ni sahlu, ambao kwa kawaida hutambuliwa kuwa rashadi. Wasomaji walioko Omani wanaijua, hupewa mwanamke aliyejifungua. Sasa, kwa nini mtu abomoe mji apande mboga ya kuliwa? Wafasiri wengine wameona haingii akilini wakaandika "magugu". Mimi nadhani rashadi inafaa kabisa, kwa sababu huota upesi ajabu, na mji uliofunikwa kijani ndani ya siku chache ni tusi kubwa kwa waliokimbia. Alimlaani pia mfalme yeyote atakayeujenga tena. Ukajengwa, ukawa makao makuu ya dola.

Turudi kwenye ukurasa wako. "Afyuni" ningeitupa. Haina uthibitisho, na kwa kijana wa leo afyuni ni habari ya mateja na polisi. Utakuwa umemwingiza Kamrusepa kwenye biashara ambayo hakuifanya. "Maziwa" ni kosa. Kuliacha neno galaktar lilivyo ni uaminifu, na katika toleo la wanafunzi wa chuo ningefanya hivyo, lakini kijana atalisoma kama kelele na hatasikia kwamba linaitikiana na kitenzi kinacholifuata.

Ningeandika "kitulizo". Tazama jinsi Kiswahili kinavyokubeba hapa kuliko lugha zote tatu unazozitegemea. Kihiti kimechukua kitenzi cha kutuliza, kikakivisha kiambishi, kikapata jina la kitu. Sisi tunachukua tuliza, tunaivisha ki- mbele na -o nyuma, tunapata jina la kitu. Mstari wako ukawa: "Tazama, kitulizo kimewekwa hapa, nawe tulia." Mwitikio ule wa Kamrusepa umerudi, na hukumdanganya mtu.

Kuna hasara, sikufichi. Kitulizo hakina harufu ya shamba, na msomaji anaweza kufikiria kidonge. Utashawishika kuongeza neno, "majani ya kitulizo" au "mbegu ya kitulizo". Usiongeze. Ukisema majani umekwisha kuamua jambo ambalo kibao hakikuliamua. Afadhali maelezo mafupi chini ya ukurasa: kwamba neno la asili ni galaktar, kwamba linatokana na kitenzi cha kutuliza, na kwamba wako wanaodhani ni mmea wa afyuni. Parhuena iache ilivyo. Pale huna mzizi wa kushika.

Angalia pia mabano. Kibao cha hadithi hii kimevunjika mahali pengi, na chapa za kitaalamu huweka mabano ya mraba pale msomi alipojaza pengo. Tafsiri za watu wote mara nyingi huyaondoa ili usomaji uwe laini. Ukiona mstari mmoja katika tafsiri mbili unatofautiana sana, si kwa neno moja bali kwa sentensi nzima, huenda wafasiri hao wanabishania shimo. Hapo ndipo pa kuacha kufasiri kutoka tafsiri na kumwandikia mtu asomaye kikabari; wapo Ankara, Mainz, Würzburg, Chicago na kwingineko, na kwa uzoefu wangu hujibu barua, hasa ikiuliza mstari mmoja mahususi. Hifadhi ya mtandaoni ya Mainz ina picha za vibao vingi ambazo yeyote anaweza kuzifungua. Hata usiposoma alama, utaona kwa macho yako udongo ulipomeguka.

Kuhusu mjomba, mpe salamu zangu, na umwambie kwa heshima kwamba hakuna cha kutafuta. Mmea haujatambuliwa, na Kamrusepa hakuacha kipimo. Mmea ambao baadhi ya wanazuoni wameupendekeza ni afyuni, ambayo ni sumu, na kuishughulikia ni kosa la jinai. Mtu aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa amwone daktari ana kwa ana. Kukosa usingizi huwa dalili ya jambo jingine, na jambo hilo ndilo la kutafutwa.

Ukiendelea mbele utafika mahali hasira imekwisha, kondoo amemrudia mwanawe, na mbele ya Telipinu umesimamishwa mti uitwao eya, umetundikwa mfuko wa ngozi ya kondoo. Huko nako tafsiri zako zitagombana, mmoja atasema huu na mwingine ule. Tunachojua kinatoka katika maandiko mengine, mahali ambapo mfalme na malkia wanaombewa wawe kama eya, ambayo ni mbichi daima wala haipukutishi majani. Andika "mti wa eya, usiopukutisha majani", kisha endelea na mfuko, maana humo ndani ndimo yaliyomo mafuta ya kondoo, nafaka na divai.